Kukinga kompyuta, TV na friji umeme unapokatika na kurudi vibaya

Mvua zikianza tu, maswali ni yale yale. "Umeme ulikatika, uliporudi TV haiwaki, nifanyeje?" "Ninunue UPS au stabilaiza?" "Ekstensheni yangu ina taa nyekundu, si inatosha?" UPS ni betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika; stabilaiza hurekebisha volti zikipanda au kushuka. Nimeyaweka majibu pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Nimelenga nyumba ya kawaida ya Tanzania: mita ya LUKU, soketi za pini tatu, umeme wa volti 230. Ukiwa Kenya au Uganda, kazi ni ile ile.

Kabla ya kutoa hela, elewa hili: umeme kukatika si adui mkubwa wa vifaa vyako. Ukikatika unapoteza kazi ambayo hukuisevu, basi. Vinavyounguza ni vinne: umeme unaporudi kwa kishindo, umeme mdogo unaokaa masaa, nyutro (waya wa kurudishia umeme) kukatika, na radi. Hakuna kifaa kimoja kinachozuia vyote vinne, hata muuzaji akuapie. Ndiyo maana utamkuta mtu ana UPS ya bei kali mezani na friji imeungua jikoni.

Vitu vya kuwa navyo

- Kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi, kile chenye tarakimu. Ni cha bei ndogo na ndicho kitu cha kwanza kununua.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, kwa kazi ya meinswichi na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kazi hiyo usiiguse mwenyewe.
- Friji gadi (kifaa cha kuchomeka kinachokata umeme mbaya na kuchelewesha kuurudisha) moja kwa kila friji au friza, na TV gadi kwa sebule.
- UPS kama una kompyuta ya mezani. Laptopu ina betri yake tayari.
- Kalamu na karatasi. Utaandika namba kidogo.

Hatua ya 1: Jua umeme wako una ugonjwa gani

Chomeka kipima volti na ukiache hapo wiki nzima. Kisome asubuhi, mchana, na hasa kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati mtaa mzima unapika, unapiga pasi na kutazama TV. Andika namba.

Kwa umeme wa 230, kati ya 207 na 253 uko salama. Ukiona 180 au 190 kila usiku, tatizo lako ni umeme mdogo, na hapo stabilaiza ina maana. Ukiona 255 hadi 265 usiku wa manane watu wakiwa wamelala, pengine uko karibu na transfoma, na unachohitaji ni kifaa cha kukata umeme ukipanda. Kama namba zimetulia ila umeme unakatika mara kwa mara, usipoteze hela kwenye stabilaiza. Unahitaji gadi za kuchelewesha, na UPS.

Kisha geuza chaja ya laptopu usome maandishi madogo ya nyuma. Utakuta "INPUT 100-240V". Maana yake hata umeme ukishuka hadi 150, chaja inaendelea bila shida. TV nyingi za kisasa na chaja za simu ziko hivyo hivyo. Sasa soma kibandiko nyuma ya friji: utakuta 220-240V tu. Friji ina mota, na mota ikipewa umeme mdogo inavuta ampea nyingi zaidi, inachemka, mwisho kompresa inakufa. Kwa hiyo umeme mdogo ni hatari ya friji, friza, pampu ya maji na kiyoyozi. Umeme mkubwa ni hatari ya kila kitu. Ukishalijua hili, hutanunua stabilaiza ya TV huku friji ikiwa wazi.

Hatua ya 2: Anza na ethi na nyutro

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Nyumba nyingi, hasa za kupanga, zina soketi za pini tatu lakini pini ya ethi haijaunganishwa na kitu chochote. Waya umeishia hewani nyuma ya soketi, au nondo ya ethi iliyokuwa nje ya ukuta iling'olewa siku nyumba ilipopigwa plasta.

Dalili ni hii: ukigusa kasha la chuma la kompyuta ya mezani ukiwa peku, unahisi mchonyoto, watu wanasema "kompyuta inapiga shoti". Mara nyingi kompyuta ni nzima. Pawasaplai yake (boksi la umeme lililo ndani) imetengenezwa kumwaga umeme kidogo kwenye ethi, na ethi isipokuwepo, kasha linabaki na karibu nusu ya volti za soketi.

Mwite fundi apime mbele yako kwa mita, si kwa testa ya bisibisi. Testa inakuonyesha kwamba waya una umeme, lakini haikuambii ethi ipo. Vipimo ni vitatu:

- Fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro: karibu 230.
- Fezi na ethi: karibu namba hiyo hiyo. Ikitokea 90, au namba inayoyumbayumba, au sifuri, huna ethi.
- Nyutro na ethi: volti moja mbili, zisizidi tano. Zikizidi, kuna waya uliolegea mahali.

Wakati yuko hapo, mwambie akaze skurubu zote za nyutro kwenye meinswichi, umeme ukiwa umezimwa. Skurubu iliyolegea inachemka, inaungua kidogo kidogo, siku moja inaachia.

Kuhusu nyutro kuachia, twende taratibu. Nguzo ya mtaa hubeba fezi tatu na nyutro moja, nyumba yako inachukua fezi moja, jirani nyingine. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ya pamoja ikikatika huko kwenye nguzo au transfoma, nyumba zinaanza kugawana hizo 400 kulingana na nani amewasha nini. Nyumba yenye mzigo mdogo inapata nyingi. Utaona taa zako zinang'aa kupita kawaida na feni inazunguka kama imepagawa, wakati kwa jirani taa zimefifia kama mshumaa. Kama nyumba yako yenyewe ina fezi tatu, utaona hayo hayo kati ya chumba na chumba. Ukiona hivyo usianze kutafuta simu upige video. Kimbia uzime meinswichi, halafu ndiyo utoe taarifa TANESCO. Vifaa vinaungua ndani ya sekunde.

Tahadhari: mafundi wengine, wakikosa ethi, wanaunganisha pini ya ethi na nyutro ndani ya soketi ili kipimo kionekane kizuri. Nyutro ikikatika, kasha la kila kifaa chenye chuma linakuwa na umeme. Hilo linaua mtu. Kataa.

Hatua ya 3: Weka ulinzi kwenye meinswichi

Kama nyumba ni yako au mwenye nyumba amekubali, mwambie fundi afunge vitu viwili tofauti. Watu huvichanganya.

Cha kwanza ni saji protekta ya kufungwa kwenye boksi la breka. Kazi yake ni kumwaga kwenye ethi ule umeme unaoruka kwa muda mfupi mno, kama wa radi iliyopiga mbali au wa laini inapowashwa upya. Chagua ya aina ya 2, imeandikwa "Type 2" au "T2" ubavuni. Angalia pia namba ya Uc, yaani volti za juu inazoweza kuvumilia muda wote. Kwenye mtaa wenye umeme unaoyumba, chukua ya 385 badala ya 275, kwa sababu ya 275 inaweza kuungua yenyewe siku nyutro ikiachia. Bila ethi nzuri, ulinzi wake unabaki nusu.

Cha pili ni kidhibiti volti, kile chenye skrini ndogo ya tarakimu kinachokaa pembeni ya breka. Chenyewe hakimwagi kitu, kinakata. Volti zikipita kiwango ulichoweka, juu au chini, nyumba nzima inazimika, na umeme ukitulia kinasubiri kabla ya kurudisha. Hiki ndicho kinachokuokoa nyutro ikikatika. Ampea zake zisiwe chini ya breka kuu. Weka juu 255, chini 190, kusubiri sekunde 120 hadi 180. Ila kama ile karatasi yako ya hatua ya 1 inasema kila usiku mnashuka hadi 185, ukiweka 190 mtalala gizani kila siku. Shusha hadi 170, na friji uiachie gadi yake.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa boksi aende hatua ya 4.

Hatua ya 4: Gadi kwa kila kitu chenye mota

Friji gadi inafanya mambo mawili. Inakata umeme ukiwa mdogo au mkubwa (nyingi ni chini ya 185 na juu ya 260 hivi, soma boksi lake), na inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Huko kusubiri ndiko kwenye thamani. Friji ikizimika ghafla, gesi ndani ya kompresa bado ina presha kubwa upande mmoja. Umeme ukirudi baada ya sekunde kumi, mota inajaribu kusukuma dhidi ya presha hiyo, inakwama, inachemka. Ukisubiri dakika tatu hadi tano, presha inasawazika na inaanza kirahisi.

Gadi feki zimejaa, Kariakoo na kwingineko. Jaribu dukani kabla ya kulipa: chomeka, hesabu. Gadi ya kweli inawasha taa ya kusubiri na haitoi umeme mpaka muda wake uishe. Ikitoa papo hapo, hiyo ni soketi yenye taa za mapambo. Angalia na ampea: ya friji ya nyumbani haiwezi kubeba kiyoyozi. Kiyoyozi kina gadi yake kubwa, ya kufungwa ukutani.

TV gadi ni ile ile ila inasubiri muda mfupi zaidi. Chomeka TV, king'amuzi na redio kwenye gadi moja.

Na ile ekstensheni yenye taa nyekundu? Taa inakuambia umeme umefika. Basi. Kama haikuandikwa popote uwezo wake wa kumeza umeme wa ziada, kwa jouli, ichukulie kuwa ni waya mrefu wenye matundu.

Hatua ya 5: UPS ya kompyuta

Kwanza jumlisha wati. Kompyuta ya mezani ya kazi za kawaida ni kama 150, skrini 25, ruta 10. Jumla 185. Kwenye boksi la UPS utaona VA. Usiisome kama wati: UPS ndogo nyingi za VA 650 zinatoa wati 360 hadi 390 tu. Kwa mfano wetu hiyo inatosha, utapata dakika chache, pengine kumi, za kusevu na kuzima. UPS haikununuliwa ili umalizie filamu. Anayetaka kufanya kazi masaa matatu gizani anahitaji inveta na betri kubwa, habari nyingine kabisa.

Chukua iliyoandikwa "line interactive" au "AVR". Hiyo ina stabilaiza ndogo ndani, inanyanyua umeme mdogo bila kutumia betri. Isiyo nayo, kwenye mtaa wa volti 180, itaingia kwenye betri mara hamsini kwa usiku na betri itakufa mapema. Kama kompyuta yako ni ya gemu au ina pawasaplai ya gharama, tafuta yenye "pure sine wave", maana baadhi ya pawasaplai hizo huzimika zikipewa wimbi la kuigiza la UPS za bei ya chini.

Kufunga:

1. Ichaji usiku kucha kabla ya kuitegemea.
2. Ichomeke moja kwa moja ukutani, kwenye soketi yenye ethi. Si kwenye ekstensheni, si nyuma ya gadi nyingine.
3. Angalia matundu ya nyuma. UPS nyingi zina upande wenye betri na upande wenye ulinzi tu. Kompyuta na skrini viende upande wa betri.
4. Printa ya leza usiichomeke kwenye betri kamwe. Inapopasha inavuta wati mia kadhaa kwa mkupuo na UPS inazima kila kitu. Vivyo hivyo pasi, birika na feni.
5. Chomeka waya wa USB uliokuja nayo. Kwa UPS nyingi Windows itaiona kama betri, na utaweza kuweka kompyuta ijizime yenyewe chaji ikishuka. Linux tumia programu ya NUT. Wengi wanauacha waya huu kwenye boksi, kisha umeme unakatika wakiwa sokoni na kompyuta inazimika vibaya kama vile hakuna UPS.
6. Jaribu: fungua kazi isiyo na maana, chomoa UPS ukutani, tazama. Rudia kila mwezi.

Ruta ukitaka iendelee, kuna UPS ndogo za ruta zinazotoa volti 12 au 9 moja kwa moja. Soma kwenye adapta ya ruta yako: volti lazima zilingane kabisa, ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. Ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiaga.

Hatua ya 6: Radi

Hapa hakuna cha kununua kitakachokuhakikishia. Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuambiwa, eneo la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi Afrika. Radi ikipiga karibu, inaruka pengo la swichi, gadi na UPS bila kuuliza. Dawa ni kuchomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi.

Na usichomoe plagi za umeme ukaacha waya wa dishi. TV nyingi zinazokufa kwa radi zinaingiliwa huko: radi inashuka dishi, inapita king'amuzi, inaingia TV kwa waya wa HDMI. Chomoa waya wa dishi au antena, na waya wa mtandao kama unatoka nje ya nyumba. Fanya hivyo wingu likikusanyika au ukisafiri msimu wa mvua. Ngurumo zikishakuwa juu ya paa, acha, usishike waya wowote. TV inanunulika.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika, na ukirudi

Ukikatika, zima swichi za vitu visivyo na gadi, acha taa moja tu ya kukujulisha. Ukirudi usikimbilie. Mara nyingi unarudi, unakatika, unarudi tena ndani ya dakika mbili, na kila mara mafriji na mapampu ya mtaa mzima yanaanza kwa pamoja. Subiri dakika tano, soma kipima volti, kikiwa sawa washa kimoja kimoja.

Kwa wenye jenereta: iwashe kwanza itulie, ndipo upe mzigo, na toa mzigo kabla ya kuizima au mafuta kuisha. Iwe nje, mbali na madirisha, moshi wake unaua waliolala. Iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia, inayochagua umeme wa TANESCO au wa jenereta. Ule waya wa plagi mbili wa kuingiza umeme kupitia soketi unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo, na pini zake zilizo wazi zikakuua wewe.

Mambo yakienda mrama

UPS inazima papo hapo umeme ukikatika. Betri imechoka au mzigo ni mkubwa. Chomoa vitu, acha kompyuta peke yake, jaribu tena. Ikizima bado, badili betri: ndani ya UPS ndogo huwa ni ya volti 12, ampea-saa 7 hadi 9, inauzwa peke yake. Ikichoka baada ya miaka mitatu usiishangae. Betri iliyovimba itoe haraka.

UPS inalia na kuhamia betri wakati umeme upo. Soma volti. Kama ni 170 au 260, inafanya kazi yake. Kama ni 230, kagua plagi na soketi, huenda imelegea.

Friji gadi inakata kila baada ya muda mfupi. Usiitupe na kuchomeka friji moja kwa moja. Soma volti friji inapoanza. Zikishuka sana palepale, waya wa soketi hiyo ni mwembamba au umeunganishwa vibaya, au umeme wa mtaa ni mdogo na unahitaji stabilaiza yenye uwezo mara tatu hivi ya wati za friji, kwa ajili ya pale mota inapoanza.

Kidirisha cha saji protekta kimegeuka chekundu. Imekufa ikifanya kazi yake. Umeme utaendelea kuwaka kama kawaida, ndiyo maana watu hawagundui. Mwite fundi abadilishe kidonge chake, kile kipande kinachochomoka.

Kompyuta haiwaki baada ya umeme kurudi. Chomoa kila kitu, bonyeza batani ya kuwasha kwa nusu dakika, rudisha. Angalia fyuzi ndani ya plagi, na kitufe cha kurudisha nyuma ya UPS kama kimechomoza. Bado? Jaribu pawasaplai nyingine kabla ya kukubali habari za "mazabodi imekufa". Pawasaplai ndiyo hutangulia kuungua, na ndiyo rahisi kubadili. Diski yenye mafaili mara nyingi inakuwa nzima, kwa hiyo usimwachie fundi kompyuta na diski ndani kama una nyaraka za watu. Itoe ubaki nayo.

Kifaa kimetoa harufu ya kuungua lakini kinawaka. Kizime, kichomoe, usikijaribu tena usiku ukiwa unaelekea kulala. Kwanza kifunguliwe.